Tanga Baada ya Nyuki: Tathmini ya Matembezi ya Historia ya Mjini

Mtu yeyote aliyewahi kumlipa mwongoza wageni mjini Tanga anaijua hadithi ya nyuki. Novemba 1914 Waingereza walishusha ufukweni takriban askari 8,000, wengi wao kutoka India, wakapambana na jeshi la Wajerumani lililokuwa na kama watu 1,000 tu, na nyuki waliochokozwa na risasi wakatoka mizingani wakamuuma kila aliyekuwa karibu. Wageni hucheka, hupiga picha, na matembezi yakaishia hapo. Nimeisikia hadithi hiyo tangu nikiwa darasa la tatu na sina ugomvi nayo, ila inaufanya mji wetu uonekane kana kwamba ulipigwa vita siku nne kisha ukalala usingizi hadi Uhuru. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna kikundi kidogo kinachotembeza watu kwa mada moja tu, yaani ile miaka michache iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, wakati watu hawakuwa na hakika nani anawatawala, fedha ipi ni fedha na ardhi ni ya nani, nililipia nafasi mbili siku hiyo hiyo, yangu na ya shangazi yangu.

Sitakitaja kikundi chenyewe kwa jina, kwa kuwa nina lawama mbili tatu za kukipa na sipendi zikifuate kibiashara. Mwenye haja ataulizia na ataelekezwa, Tanga si kubwa kiasi hicho. Ada ni shilingi 20,000 kwa mtu mzima na 5,000 kwa mwanafunzi mwenye kitambulisho, kundi haliruhusiwi kuzidi watu wanane, na mwendo wote ni wa miguu, kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tano na nusu, kabla jua halijachachamaa. Maelezo yote ni kwa Kiswahili. Hilo peke yake lilinipendeza, maana nimechoka kuisikiliza historia ya nyumbani kwetu nikiwa nimesimama nyuma ya wageni, nikitafsiriwa kwa huruma.

Aliyetuongoza ni mzee mmoja, karani mstaafu, mwenye kofia ya kiua iliyofuliwa mpaka ikapauka na mkoba wa ngozi ambao hakuuachia hata alipokuwa akinywa maji. Tulipomaliza shikamoo na marahaba, alitusimamisha nje ya Boma la zamani, upande unaotazama bandari, na badala ya kutumwagia tarehe akatuuliza swali: wewe ni mchuuzi wa samaki hapa Tanga, mwaka ni 1919, Mjerumani ameshautoka mji huu tangu Julai 1916, vita vimekwisha, unaogopa nini? Kijana mmoja wa chuo akajibu kwamba angeogopa vita visirudi. Mimi nikasema njaa. Shangazi, ambaye hakuwa amefumbua kinywa tangu tushuke kwenye bajaji, akasema, "Mimi ningeogopea hela zangu." Mzee akacheka kwa furaha ya mtu aliyekuwa akilingojea jibu hilo, akafungua mkoba. "Bi mkubwa ametukata kauli," akasema. "Tuanzie hapo."

Kilichofuata ndiyo sehemu bora ya matembezi yote, na kwangu mimi ndiyo iliyolipa ile ada. Neno hela, tunalolitumia kila siku bila kulifikiria, limetokana na Heller, sarafu ya Kijerumani ambayo 100 zake zilifanya rupia moja. Meli za Mwingereza zilipoiziba bahari wakati wa vita, Wajerumani walikosa fedha kutoka kwao. Wakachapa noti za muda humu humu nchini, na mwaka 1916 wakafua sarafu Tabora kwa shaba ya kuokoteza, yakiwemo maganda ya risasi. Mzee alikuwa nayo moja. Ni hela 20, ina taji, herufi D.O.A. (kifupi cha jina la Kijerumani la koloni hili), mwaka 1916, na chini yake herufi T ya Tabora. Chapa yake imeegemea ukingoni kana kwamba aliyeigonga alikuwa anasikia mizinga. Tuliipitisha mkono kwa mkono. Kisha akaweka kando yake rupia ya fedha ya Kijerumani ya kabla ya vita, na kando ya hiyo shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921, yenye simba aliyesimama mbele ya milima na, upande wa pili, kichwa cha Mfalme George V. Akatuomba tuisome. Hakuna hata neno moja la Kiswahili juu yake.

Hebu fikiria mtu aliyeyapitia hayo kwa miaka michache tu. Noti za muda alizolipwa na Mjerumani, Mwingereza hakuzitambua kuwa fedha halali, na aliyekuwa amezificha chini ya godoro aliamka na karatasi. Mwaka 1920 ikaletwa florini, na kabla haijazoeleka, 1921 ikaja shilingi, rupia moja ikihesabiwa shilingi mbili. Shangazi akasimulia kwamba bibi yake alikuwa akizifunga rupia zake kwenye pindo la kanga, na shilingi zilipokuja alizikataa, akasema si fedha hizi, ni bati. Nyumbani walimcheka kwa ushamba wake mpaka anakufa. Mzee hakucheka. Alieleza kwamba rupia ya Kijerumani ilikuwa na zaidi ya asilimia 90 ya madini ya fedha, ilhali ile shilingi ya 1921 ilikuwa na robo tu. "Bibi yenu alikuwa na akili kuliko karani aliyembadilishia," akasema, na nikamwona shangazi akinyamaza kwa namna ambayo sijamwona akinyamaza kwa muda mrefu.

Hapo nikatambua mwongozaji huyu anafanya kazi gani. Hasimulii kwamba watu walikuwa na hofu za kijinga ambazo serikali mpya ilizituliza kwa busara. Anaichukua hofu moja moja, anaipima, kisha anaonyesha nani alijaribu kuipoza, kwa chombo gani, na kama kilifaa.

Kuhusu utawala wenyewe alieleza vizuri, ijapokuwa kwa mwendo wa haraka. Mkataba wa Versailles ulitiwa saini Juni 1919 na Ujerumani ikapokonywa makoloni. Jina la Tanganyika likaanza kutumika 1920, Sir Horace Byatt akiwa gavana. Lakini hati ya Shirikisho la Mataifa iliyoikabidhi rasmi Uingereza nchi hii haikupitishwa hadi Julai 1922. Kwa hesabu ya Tanga hiyo ni miaka sita kamili ya kutawaliwa na mtu ambaye hakuna aliyeweza kuapa kwamba atabaki. Mwongozaji aliifananisha hati ile na amana: Mwingereza hakupewa shamba, aliwekeshwa, na kila mwaka alipaswa kupeleka taarifa Geneva, makao ya Shirikisho hilo. Mfano huo umekaa vizuri, na hati yenyewe kweli ilikataza biashara ya utumwa na kazi ya kulazimishwa isiyo na malipo. Ila amana hurudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe hapa hakuulizwa kitu, nilimwambia hivyo, akasema, "Mwalimu, mfano ukiubana sana unakatika." Sawa.

Alipokuwa mpole mno ni kwenye ardhi. Ni kweli kwamba sheria ya ardhi ya 1923 iliitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya gavana, na kwamba hilo liliwapa watu wa mahali pengi matumaini kwamba walowezi hawatamiminika kama ilivyokuwa Kenya. Lakini mkoa wetu ulikwisha kukatwa vipande kabla ya hapo. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa Pangani, na kufikia vita mashamba yalikuwa yamelifuata njia ya reli hadi bara. Baada ya vita mashamba ya Wajerumani yalishikwa kama mali ya adui na kuuzwa, na waliokuwa na uwezo wa kununua walikuwa Wagiriki, Wahindi na Waingereza. Kwa mtu wa Muheza aliyekuwa akitazama minara ya mkonge ikichanua pale pale palipokuwa na makaburi ya wazee wake, mabadiliko yalikuwa ya jina la bwana shamba tu. Jambo hilo lilistahili zaidi ya sentensi mbili alizolipa, na katika matembezi ya saa nne nafasi ilikuwepo.

Stesheni ya reli tuliipita kwa dakika kumi, nami sikuona hasara, ingawa kuna jambo moja alilolisema pale ambalo wengi wetu tumelisahau. Wakati wa vita Waingereza walijenga reli ya kutoka Voi hadi kuiunganisha na ya kwetu pale Kahe, ili wapeleke majeshi. Vita vilipokwisha, reli hiyo ikawa mdomo wa pili wa kunyonya mizigo ya Kilimanjaro kuelekea Mombasa. Wafanyabiashara wa Tanga waliogopa bandari yao kufa, na hofu hiyo haikuwa ya Mjerumani wala ya Mwingereza. Ilikuwa ya jirani. Nani aliituliza? Hakuna, kwa kweli, mpaka reli yetu ilipofikishwa Arusha mwaka 1929, na hata hapo Mombasa haikuacha kunywa.

Kutoka hapo tulitafuta kivuli, na mkoba ukafunguka tena, safari hii ukatoa nakala za fotokopi zilizovishwa karatasi za nailoni. Watu wa Tanga tuna sababu ya kujivuna katika suala la magazeti: Kiongozi kilitolewa hapa hapa, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani, kuanzia miaka ya mwanzo ya karne hadi vita vilipokizima mwaka 1916. Mji uliozoea kusoma habari zake kwa lugha yake ukabaki na uvumi. Mara Mjerumani anarudi kwa meli, mara rupia zitachukuliwa zote, mara kila mwanamume atahesabiwa apelekwe kubeba mizigo kama ilivyokuwa kwenye vita. Serikali ya Mwingereza ilianzisha Mambo Leo Januari 1923, gazeti la kila mwezi la Idara ya Elimu huko Dar es Salaam, lenye habari za dunia, maelekezo ya kilimo, barua za wasomaji na mashairi. Mwongozaji anaamini kwamba ndilo lililotuliza nchi. Mimi naona ni nusu ya kweli. Gazeti la serikali linaweza kumwambia mtu bei ya kopra na habari za mfalme, lakini haliwezi kumjibu kama Mjerumani atarudi au hatarudi, kwa sababu serikali yenyewe haikujua. Na ilipofika 1925 Wajerumani wakaruhusiwa kuingia tena na kununua mashamba, waliosema "nilikwambia" walikuwa wengi. Kilichowashika wasomaji, kwa maoni yangu, ni kurasa zile za barua na mashairi, ambapo mtu wa Tanga aliweza kubishana na mtu wa Lindi au Bukoba bila ya kuwahi kumwona. Nchi iliyopewa jina jipya mwaka 1920 ilianza kujijua kupitia ushairi wa kujibizana, na hilo sidhani kama lilikuwamo katika mpango wa Idara ya Elimu.

Sehemu ya pili iliyonifurahisha sana ni habari za Martin Kayamba. Huyu alikuwa msomi wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya Waingereza, karani wa serikali, aliyefungwa na Wajerumani kule Tabora wakati wa vita. Mwaka 1922, hapa Tanga, alianzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika. Vitabu vya shule humtaja kwa mstari mmoja, kama ngazi ya kupandia kwenda kwenye African Association ya 1929 na kisha TANU. Mwongozaji wetu anakataa kumfanya ngazi. Alitueleza hali ilivyokuwa katika ofisi za wakati ule: upande mmoja makarani Waislamu waliofundishwa katika shule ya serikali ya Tanga na kuzoea kazi ya Mjerumani, upande wa pili makarani Wakristo waliosomeshwa na misheni ya Kiingereza, wakiwa wamekuja na bwana mpya na Kiingereza chao. Kila upande uliushuku mwingine, na katika mji ambao juzi tu mtu aliweza kufungwa kwa kutuhumiwa kumpenda adui, shuku hiyo haikuwa mchezo. Klabu ya Kayamba iliwaweka pamoja: magazeti ya kusoma, chai, mpira. Nilitaka kujua kama chai kweli inaweza kufanya kazi hiyo, na mzee akanijibu kwamba hajaona chama chochote cha Tanga, tangu wakati ule hadi leo, kilichoanza kwa kitu kingine. Mwaka 1931 Kayamba huyo huyo alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge kuhusu mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika.

Hapa ndipo lawama yangu ya kwanza inapoingia. Mwongozaji alitusimamisha mbele ya nyumba moja ya mabati yenye baraza, akatangaza kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa klabu yenyewe. Nilipomuuliza amejuaje, akasema aliambiwa na mtu aliyeambiwa. Sasa watu sita wamekwenda na picha ya nyumba hiyo kwenye simu zao. Mzee aliyetufundisha kuisoma sarafu mpaka herufi ya chini kabisa hakuwa na haja ya kutuuzia ukuta usio na ushahidi. Angesema "klabu ilikuwa mjini humu" tungeridhika.

Mtaa wa Ngamiani tulifika jua likiwa limeanza kuuma. Tulikaa barazani tukaletewa kahawa na kashata, ambazo zimo ndani ya ada, na mzee akaeleza habari za beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi iliyokuwa imeugawa mwambao kati ya vyama viwili vya mashindano, Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na wafalme wake, majenerali wake, sare zake na majigambo yake. Baada ya vita ngoma hiyo ilitapakaa hadi bara pamoja na askari na wapagazi waliorudi makwao, na maofisa wa Kiingereza wakaishuku, wakidhani chini ya tarumbeta kuna njama. Njama kubwa waliyokuwa nayo, alisema mzee, ilikuwa ni kuzikana. Mgeni aliyefia Tanga akiwa mwanachama alipata sanda, kaburi na watu wa kumlilia; aliyefungwa au kuugua alichangiwa. Kwa mtu aliyerudi kutoka vitani bila mshahara na bila ndugu, hilo lilikuwa jibu kubwa kuliko tangazo lolote lililobandikwa Boma. Shangazi alianza kuunguruma wimbo kooni, kidogo kidogo, akasema hakumbuki maneno.

Lawama ya pili ni ya yaliyoachwa. Wahindi hawakutajwa ila kama wanunuzi wa mashamba, ilhali mwaka 1923 wafanyabiashara wao walifunga maduka kupinga sheria za leseni na kodi ya faida, pamoja na agizo la kutoandika vitabu vya hesabu kwa Kigujarati. Mji wa maduka kama huu unawezaje kusimuliwa bila ya siku hizo? Kodi ya kibanda na ya kichwa nayo ilipita kama upepo.

Lakini kimya kizito zaidi kilikuwa juu ya mwaka 1922. Mwaka ule ule wa hati ya Shirikisho la Mataifa na wa klabu ya Kayamba ndio mwaka ambao utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika. Wajerumani walikuwa wameishia kutangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Wazazi wao walibaki walivyo. Kwa hiyo katika mwambao huu, kutoka kwetu hadi Pangani, kulikuwa na watu waliovuka vita nzima wakiwa bado mali ya watu, na kulikuwa na mabwana waliokuwa wakijiuliza nani atawalimia. Ikiwa mada ya matembezi ni hofu za watu na jinsi zilivyotulizwa, hiyo ilikuwa hofu ya pande mbili ndani ya ua mmoja. Nilimngojea mzee kwa saa nne aitaje, na hakuitaja. Nilipomuuliza faraghani wakati wenzetu wanalipia kahawa ya ziada, alitazama barabarani kwanza. "Hayo ni mambo ya watu, mwalimu," akasema. "Wajukuu wa hawa na wa wale wanaswali safu moja hapo mbele. Nani nimnyooshee kidole?"

Nilikuwa tayari kumjibu, maana sikubaliani naye na bado sikubaliani. Mtu anaweza kueleza sheria bila ya kutaja ukoo wa mtu. Shangazi akaniwahi. "Mwache mzee wa watu, mwanangu," akasema, "anajua anaishi na nani." Sijaamua bado kama huo ni udhaifu wa huduma hii au ni kitu pekee ilichokirithi kwa ukamilifu kutoka miaka ile inayoisimulia.

Kwa anayetaka kwenda: chukua kofia na maji, vaa viatu vya kufunga kwa sababu mchanga wa Ngamiani hauna huruma, na usimpeleke mtoto wa chini ya miaka kumi, atachoka kufikia stesheni. Sauti ya mzee ni ndogo, kaa mbele. Lipa taslimu, maana mtandao wa simu ulituangusha na tukapoteza robo saa. Mimi ningeipa nyota nne kati ya tano, na ya tano naiweka akiba hadi atakapoongeza maduka ya 1923 na kuiondoa ile nyumba.

Tulipokuwa tukiagana alizihesabu sarafu zake kabla ya kufunga mkoba, akazihesabu tena, kisha akaanza kupapasa mifuko. Ile hela 20 ya Tabora haikuwepo. Sote tuliinama kutafuta chini ya mabenchi, mwenye kahawa naye akafagia na mguu, mpaka shangazi alipojishika kiuno akaguna. Ilikuwa kwenye pindo la kanga yake, imefungwa fundo mbili, na hakukumbuka kabisa ni saa ngapi aliifunga.